Ubembe Ukumbini katika Nyimbo za Brazili

Dansi ya watu wawili ni mkataba usioandikwa. Mkono hutolewa, mkono hupokewa, na kwa muda wa wimbo mmoja miili miwili hupatana bila ya neno kusemwa. Wimbo ukikoma, kila mmoja hurudi kitini pake na tafsiri yake. Mmoja amecheza tu. Mwingine amedhani kuwa amepewa ahadi. Katika pengo hilo, baina ya mchezo na ahadi, ndipo lilipozaliwa fungu kubwa la nyimbo za watu wa Brazili, na ndipo penye neno la kuchunguzwa na mhakiki wa fasihi.

Nyimbo hizo hudharauliwa kwa njia mbili. Watu wa kwanza husema kuwa ni upuuzi wa kupotezea usiku, maneno yaliyobandikwa juu ya ngoma ili mwimbaji asikae kimya. Watu wa pili huzisoma kama ushahidi wa mashtaka: kila wimbo huwa ungamo la mwanamume mwonevu, na mwimbaji akiisha kutiwa hatiani jalada hufungwa. Wote wawili wana sehemu ya kweli, walakini wote wawili wamesahau kusikiliza. Wepesi si utupu, na ungamo lililotungwa kwa ufundi huweza kumshinda aliyeungama. Tena liko jambo la ajabu: nyimbo zenyewe zimejaa mahakama. Ndani yake mna kanuni na vifungu, mna bawabu na mkuu wa polisi, mna mdai na mdaiwa. Watunzi walijua zamani, kabla ya wahakiki, kwamba penye mvuto pana shauri. Lililobaki ni kulifuata shauri hilo tangu mwanzo wake na kupima nani ameeleza vizuri zaidi.

Asili yake ni ya zamani. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Angola na Kongo walifika Brazili na ngoma za duara. Mchezaji mmoja huingia katikati, hucheza peke yake, kisha humwendea mwenziwe na kumgusa kwa tumbo, kitovu kwa kitovu. Aliyeguswa huingia duarani mahali pa yule aliyemgusa. Wareno waliuita mguso huo umbigada, kutokana na neno lao la kitovu. Katika Kimbundu, lugha ya Angola iliyo ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu, huitwa semba, na wataalamu wengi huona kwamba ndipo lilipotoka jina la samba.

Kazi ya mguso huo yafaa kuzingatiwa. Si kumbatio wala si posa. Ni mwaliko, na ni kukabidhi zamu. Anayegusa hamchukui aliyeguswa, humwachia uwanja. Mwanamke aliyealikwa kwa njia hiyo hubaki peke yake mbele ya watu wote, mwenye mwili wake na hiari yake, mpaka apende mwenyewe kumwalika mwingine. Ashiki imo, na hapana aliyeificha. Lakini umiliki haumo. Tena duara zima ni shahidi. Mtu hawezi kudai baadaye kwamba aliahidiwa kitu ambacho watu thelathini hawakukiona.

Mchezo huo haukukaa katika vibanda vya watumwa. Cartas Chilenas, shairi la kejeli lililoandikwa Vila Rica mwishoni mwa karne ya 18 na linalonasibishwa na Tomás Antônio Gonzaga, linaeleza jinsi ngoma ya lundu, pamoja na mguso wake wa matumbo, ilivyotoka katika vibanda na kuingia katika nyumba za wakubwa. Katika zama hizo hizo Domingos Caldas Barbosa, mwana wa Mreno na mama Mwafrika, aliwaimbia watu wa Lisbon nyimbo za lundu kwa gitaa lake, na mwaka 1798 mashairi yake yakapigwa chapa kwa jina la Viola de Lereno. Hivyo tangu mwanzo ubembe wa Brazili ulikuwa na nyumba mbili: nyumba ya chini ulikozaliwa, na nyumba ya juu uliposhtakiwa na kupendwa kwa wakati mmoja.

Badiliko kubwa lilikuja na polka, iliyofika Rio de Janeiro katika miaka ya 1840. Polka ni dansi ya watu wawili walioshikana. Ilipokutana na lundu, watu wa Rio walizaa maxixe katika miaka ya 1870: miguu ya Ulaya, viuno vya Afrika, na miili iliyokaribiana kuliko ilivyopata kuonekana katika majumba ya heshima. Aibu yake ilikuwa kubwa hata wachapaji wa muziki wakaona heri kuandika neno tango juu ya karatasi zao ili mabinti wa nyumba njema waweze kuzinunua. Tarehe 26 Oktoba 1914 Nair de Teffé, mke wa Rais Hermes da Fonseca, alipiga kwa gitaa Corta-Jaca, maxixe ya Chiquinha Gonzaga, katika ikulu ya Catete mbele ya wageni wa serikali. Seneta Rui Barbosa akasimama katika Baraza la Seneti kulilaani jambo hilo, akiihesabu ngoma hiyo kuwa ndugu wa batuque, cateretê na samba. Alikusudia kuitukana, kwa kweli alitaja nasaba yake sawasawa.

Ghadhabu ya seneta ilikuwa juu ya adabu na tabaka. Lakini badiliko lenyewe lilikuwa na jambo zito zaidi ambalo hakuliona. Duara lilikuwa limevunjika na kuwa jozi. Katika duara mwaliko hutolewa mbele ya watu na hukoma wazi. Katika jozi mwaliko hunong'onwa, na mwisho wake haujulikani. Duarani hapana anayeuliza, "Huyu amekuja na nani?" Katika jozi swali hilo ndilo la kwanza. Shauri la nyimbo za karne ya 20 laanzia hapo.

Noel Rosa, aliyezaliwa Rio mwaka 1910 na kufa mwaka 1937 kabla ya kutimiza miaka 27, aliliona shauri hilo kwa jicho la mtu maskini na mwerevu. Katika Com que Roupa?, wimbo wa mwaka 1930, msemaji amealikwa kwenye samba, naye anauliza atakwenda na nguo gani. Swali ni la kuchekesha, na nyuma yake pana ukweli mchungu: mvuto una nauli yake, na asiye na koti hushindwa kabla hajafika mlangoni. Miaka sita baadaye, katika Dama do Cabaré, alisimulia kukutana na mwanamke katika kilabu cha mtaa wa Lapa. Walicheza samba moja, na tango iliyofuata wakaibadilisha kwa mazungumzo, wasiondoke mpaka nusu saa baada ya bendi kushuka jukwaani. Hapana mshairi aliyeeleza kwa ufupi zaidi hatua ya kutoka mwilini kwenda rohoni. Dansi iliyochezwa iliwakutanisha. Dansi iliyoachwa iliwafahamisha. Thamani ya wimbo imo katika biashara hiyo ya kuiuza tango ili kununua maneno. Wala msemaji hakudai lolote. Alipewa nusu saa ya ziada, akaihesabu.

Kaskazini-mashariki ya nchi, katika nyika kavu ya sertão, shauri hilo lilikuwa na sauti nyingine. Luiz Gonzaga, mzaliwa wa Exu katika jimbo la Pernambuco mwaka 1912, aliipeleka Rio kodiani ya kwao pamoja na dansi zake za baião na xote. Katika Cintura Fina, aliyoitunga na Zé Dantas na kuitia katika santuri mwaka 1950, mwanamume anamwita msichana aje wacheze xote, na sifa anayomsifu ni kiuno chembamba mfano wa kinu. Kinu cha huko ni gogo lililochongwa jembamba katikati. Na msikilizaji aliyezoea kinu cha nyumbani huona mara moja kwamba sifa hii haikutoka katika kitabu bali jikoni. Lakini lililo bora zaidi ni kile anachoahidiwa msichana huyo. Haahidiwi lulu wala nyumba. Anaambiwa aweke kichwa shingoni pa mwanamume na asinzie akitaka. Xote ni dansi ya polepole, na ubembe wake ni wa polepole. Kwa watu wanaofanya kazi katika jua kali, kumpa mtu mahali pa kusinzia si ahadi ndogo.

Upande wa pili wa nyika hiyo uko katika Forró de Mané Vito ya mwaka 1949, nayo ni kazi ya Gonzaga na Zé Dantas. Wimbo wote ni maelezo ya mshtakiwa mbele ya mkuu wa polisi. Anajitambulisha kwa adabu kuwa ni mwana wa watu wasiopenda fujo. Kisha anaeleza: alikuwa akicheza na Rosinha, akatokea Zeca akamkataza, yeye akachomoa jambia, akazima taa kwa pumzi, akawatoa watu wote uani, ngoma ikavunjika. Ufundi wa wimbo huu ni kwamba kila neno la kujitetea humzidishia hatia, na kila msikilizaji hucheka huku akijua kwamba kicheko hicho kina jambia ndani yake. Rosinha je? Jina lake lilitajwa mara moja, na taa ilipozimwa alitoweka gizani pamoja na wengine. Wanaume wawili wamepigania ruhusa ya kucheza naye, na hapana aliyemwuliza.

Mwanamke asiyetoweka alikuja mwaka 1953 katika santuri ya kwanza ya Jackson do Pandeiro. Sebastiana, utungo wa Rosil Cavalcanti, unasimulia jinsi msemaji alivyomwalika mwanamke wa makamo, mwenye heshima ya somo, aje kucheza xaxado huko Paraíba. Akaja na mchezo wake mwenyewe, akarukaruka kama nyani, akapiga kelele za irabu mpaka ukumbi mzima ukashangaa. Ni wimbo wa kuchekesha, na mhakiki mwenye haraka huupita. Walakini ndani yake mna jambo la zamani sana: mwaliko uliotolewa kwa nia moja na kupokewa kwa nia nyingine. Mwanamume alitaka mshirika. Sebastiana alitaka uwanja, akauchukua. Duara lililovunjwa na polka limerudi kwa dakika tatu.

Mjini Rio jamaa za kazi na watu weusi walikuwa na kumbi zao za dansi zilizoitwa gafieira. Iliyo mashuhuri, Elite, ilifunguliwa mwaka 1930. Wenye fedha walizicheka kumbi hizo kuwa ni za ovyo, nazo kwa kujibu zilishika adabu kuliko majumba ya wenye fedha: mavazi kamili, mlango wenye bawabu, na mcheza vibaya nje. Billy Blanco, mtunzi aliyetoka Belém katika jimbo la Pará, alizitungia nyimbo mbili ambazo zafaa kusomwa pamoja. Estatutos da Gafieira, iliyoimbwa katika santuri na Inezita Barroso mwaka 1954, ni kanuni za ukumbi zilizosomwa kwa lugha ya wakili. Kijana anaonywa kuwa mahali hapa pana heshima: acheze usiku kucha, bali acheze sawasawa. Kisha kinatajwa kifungu cha 120, na makosa yake: kupanda ukutani, kucheza miguu juu, kunywa bila kulipa, na kupita kiasi katika umbigada. Adhabu ni kukemewa kwa taadhima, na baada yake polisi.

Msikilizaji hucheka, nayo ni haki yake. Lakini mguso ule wa kitovu ulioshtakiwa katika shairi la Vila Rica umeonekana tena, na safari hii mshtaki si gavana wala seneta. Ni watu wenyewe walioirithi ngoma. Tena haukukatazwa, umekatazwa kupita kiasi. Tofauti hiyo ni kubwa. Rui Barbosa alitaka ngoma ifukuzwe katika nyumba yenye adabu. Wenye gafieira walitaka adabu iingie katika ngoma. Nao walijua sababu: ukumbi wa maskini ukipata sifa mbaya hufungwa, na ukifungwa hapana mwingine.

Wimbo wa pili, Piston de Gafieira, waonyesha kanuni hizo zikivunjwa. Dansi inakwenda kwa utulivu mpaka mwanamume mmoja, aliyejulikana kwa tabia njema, anapomwona Dagmar katika gauni pana, pembeni yake mwanamume anayeonekana dhaifu. Akaenda kumtwaa acheze. Yule dhaifu kumbe ni bingwa wa mieleka ya Kijapani. Mlango ukafungwa: wa nje haingii, wa ndani hatoki. Bendi ikapiga kwa nguvu ili polisi wasisikie ugomvi, na mpiga tarumbeta akaondoa kizibo cha chombo chake, mambo yakarudi mahali pake. Sifa ya muziki iliyoje! Yanayoharibiwa na wivu hutengenezwa na tarumbeta. Na ila ya wimbo ni ile ile ya Rosinha: Dagmar alionekana, akapiganiwa, asiseme kitu.

Zote hizo ni nyimbo zilizotazama shauri kutoka nje. Wimbo ulioingia ndani yake ni Sem Compromisso, yaani "Bila Ahadi", wa Geraldo Pereira na Nelson Trigueiro, uliotoka mwaka 1944. Pereira alikuwa mtu mweusi kutoka jimbo la Minas Gerais, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufa mwaka 1955, fundi wa samba ya kukatizakatiza ambayo maneno yake hukawia nyuma ya pigo kisha yakaliwahi. Msemaji ni mwanamume aliye ukumbini. Anamlalamikia mwanamke: wacheza na yule tu, wasema huna ahadi naye, jambo hili likome, kwani mimi si mzee mtumwa wa kuvumilia kila kitu, aliyekuleta ni mimi, usizue maneno mbele ya watu. Kisha anaeleza kosa lake: samba ikipigwa, nami nikikutaka ucheze, wajibu kuwa una mwenzio tayari, watoka naye kwa furaha, na samba ikikoma wapiga makofi na kuomba irudiwe.

Wenye kusoma kwa haraka watamtia hatiani msemaji na kuondoka. Kweli hoja yake ni mbovu. Nauli ya kumleta mtu haimnunui mtu. Lakini hasira yake ina mzizi. Mfano wa mzee mtumwa, ambao Wabrazili huuita pai-joão, si tusi la bure katika kinywa cha mtu mweusi wa Rio. Utumwa ulikomeshwa Brazili tarehe 13 Mei 1888, miaka 30 tu kabla Pereira hajazaliwa. Msemaji anakataa kudharauliwa kama walivyodharauliwa babu zake. Hapo ndipo penye uchungu wa wimbo: anakataa kuwa mali, na kwa pumzi ile ile anadai kumiliki. Aliyefunguliwa mnyororo anautafuta ili amfunge mwingine, na hajui afanyalo.

Nguvu ya pili ya utungo huu ni picha yake ya mwisho. Mdai alikusudia kutoa ushahidi wa hiana. Badala yake amechora furaha. Hakuonyesha mwanamke akinong'ona na yule mwanamume, wala akimtazama machoni, wala akitoka naye nje. Amemwonyesha akiipigia makofi bendi na kuomba irudiwe. Makofi hayo hayakuwa ya mwanamume yeyote. Mshindani wake wa kweli hakuvaa suruali. Ni samba yenyewe, na mwanamke alisema kweli aliposema kuwa hana ahadi. Msemaji hakuliona hilo, lakini mtunzi aliyeichagua picha hiyo imalize wimbo alituachia tulione. Kwa hiyo wimbo ni mkubwa kuliko mwimbaji wake. Shtaka limemwachia huru mshtakiwa.

Chico Buarque aliuimba wimbo huo mwaka 1974 katika santuri yake Sinal Fechado, aliyoijaza nyimbo za watu wengine katika siku ambazo wakaguzi wa serikali ya kijeshi walimzuilia za kwake. Mwaka 1980, katika santuri iitwayo Vida, alitoa Deixe a Menina, "Mwache Binti". Wimbo huu wasomeka kama jibu la ule wa 1944. Msemaji sasa ni mtu wa tatu. Anamwambia kijana mwenye huzuni kwamba amekosea sana. Ni saa nne tu za usiku, samba imepamba moto, amwache msichana acheze kwa amani. Anaongeza kuwa nyuma ya mwanamume mwenye huzuni daima yuko mwanamke mwenye furaha, na nyuma ya mwanamke huyo wako wanaume elfu wenye upole. Kisha hukumu: amtoe moyoni, au astahili kuwa naye.

Ili kujua uzito wa maneno hayo mepesi, yafaa kukumbuka miaka yake. Tarehe 30 Desemba 1976 Ângela Diniz aliuawa kwa risasi na mpenzi wake, Doca Street, pwani ya Búzios. Katika kesi ya kwanza, mwaka 1979, mawakili walisimamisha utetezi wa heshima ya mwanamume, na muuaji akapewa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa, akatoka mahakamani huru. Wanawake wa Brazili wakaandamana wakisema kwamba apendaye haui. Mwaka 1981 kesi ilirudiwa, naye akahukumiwa miaka 15. Wimbo wa Buarque ulitoka baina ya hukumu hizo mbili. Hautaji kesi yoyote, wala si lazima uwe ulitungwa kwa ajili yake. Lakini nchi ilikuwa imegawanyika juu ya swali hilo hilo, kama furaha ya mwanamke ni jinai dhidi ya mwanamume, na wimbo ulikuwa na jibu lake.

Kwa upande wa haki, wimbo wa 1980 umeupita wa 1944. Kwa upande wa sanaa, hukumu si nyepesi. Mshauri mwema wa Buarque amesimama wapi? Yumo ukumbini, anamwona binti vizuri, na maneno yake ni ya upole mno. Huenda ni mmoja wa wale elfu. Mtunzi hakulificha hilo. Kejeli imo katika sauti yenyewe, na ndiyo inayouokoa wimbo usiwe mahubiri. Hata hivyo ila moja imebaki. Wanaume wawili wanazungumza, mmoja akimfundisha mwingine, na binti angali anacheza nyuma yao bila kauli. Ametetewa vizuri, hajaulizwa bado.

Sauti hiyo ilisikika kwa nguvu katika Maria da Vila Matilde, utungo wa Douglas Germano ulioimbwa na Elza Soares mwaka 2015 katika santuri A Mulher do Fim do Mundo. Hapa pahali ni nyumbani, wala si ukumbini. Lakini ni mwisho wa barabara ile ile. Mwanamke anamwonya mwanamume aliyemwinulia mkono kuwa atajuta: atapiga simu 180, namba iliyowekwa mwaka 2005 kwa ajili ya wanawake wanaodhulumiwa, na askari akija atamwonyesha alama ya pigo mkononi. Msikilizaji wa nyimbo za zamani hutambua mara moja kilichogeuka. Katika wimbo wa 1949 mwanamume alimweleza mkuu wa polisi upande wake. Katika ule wa 1954 polisi walitajwa ili kuwatisha wacheza vibaya. Katika ule wa tarumbeta bendi ilipiga kwa nguvu ili polisi wasisikie. Sasa mwanamke ndiye anayewaita, na hapana bendi ya kuifunika sauti yake. Ingawa maneno yalitungwa na mwanamume, koo lililoyatoa lilikuwa la Elza Soares, na watu waliomsikia waliyapokea kuwa yake.

Sheria nayo imefika mahali ambapo kejeli ilitangulia. Mnamo Agosti 2023 Mahakama Kuu ya Brazili iliamua kwa kauli moja kwamba utetezi wa heshima katika mauaji ya wanawake ni kinyume cha katiba. Tarehe 28 Desemba mwaka huo ikatiwa saini sheria namba 14.786, inayozipa kumbi za starehe na maonyesho ya muziki yanayouza pombe wajibu wa kumlinda mwanamke ambaye kukataa kwake hakukuheshimiwa. Kifungu cha 120 cha Billy Blanco kilikuwa mzaha. Miaka 69 baadaye mzaha umepata mhuri. Lakini hakuna sheria inayoweza kueleza lile ambalo sheria inalilinda. Sheria husema kwamba kukataa ni kukataa. Haiwezi kusema kwa nini mtu aliyekataa abaki ukumbini, apige makofi, na aombe wimbo urudiwe. Hiyo ni kazi ya sanaa.

Kwa hiyo mizani ya kuzipima nyimbo hizi si usafi wa wasemaji wake, kwani wengi wao si safi. Mizani ni hii: je, wimbo unamwacha yule anayetamaniwa abaki mtu? Seneta wa 1914 hakuona mtu, aliona aibu. Wimbo wa taa iliyozimwa ulimpoteza Rosinha gizani. Dama do Cabaré ulimpa mwanamke nusu saa ya maneno, ingawa hatukuyasikia. Sebastiana alijipa mwenyewe uwanja. Na Sem Compromisso, wimbo wenye msemaji mwenye hoja mbovu kuliko wote, ndio uliomwonyesha mwanamke kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu mtunzi aliiruhusu furaha yake ipite katikati ya lalamiko bila kuizuia.

Mguso wa kitovu ulikuwa ni mwaliko wa mtu kuingia katikati na kuonekana na wote. Karne tatu za ngoma, aibu, kanuni, jambia na tarumbeta hazikuufuta mwaliko huo, ingawa mara nyingi zilimsahau aliyealikwa. Katika nyimbo zilizo bora za Brazili samba hukoma, wanaume hubishana juu ya nani alimleta nani, na mwanamke aliye kati ya ukumbi huwageukia wapiga ngoma na kupiga makofi.